Deni la betri na jenereta ya nyuma ya ofisi: kisa cha shirika lililohamia magari ya umeme

Jina la shirika, mtaa lilipo na vyeo vinavyoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa. Kilomita, lita na uniti za umeme (kilowati-saa) zinatoka kwenye daftari za safari na mita, ila nimezikadiria kwa namna isiyogeuza hoja.

Usuli

Shirika hili lina ofisi kuu Nairobi na ofisi ndogo katika mji wa kaskazini ambao gridi ya taifa haijaufikia. Nairobi lilikuwa na magari matano madogo ya petroli. Yote yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani, kama yalivyo magari mengi ya Kenya, ambako gari lenye zaidi ya miaka minane haliruhusiwi kupita bandarini. Ofisi ya kaskazini ilikuwa na pikapu ya dizeli ya kwenda vijijini, na ilikuwa imeomba kigari cha kuzungukia mjini.

Kisa kilianza na barua ya mfadhili. Aliandika kwamba awamu ijayo ya fedha itayapa kipaumbele mashirika yanayopunguza hewa ya kaboni (kaboni dioksidi, ambayo hapa chini naiita kaboni tu). Wiki hiyo hiyo mkurugenzi akaja na mpango: magari matano yauzwe, yanunuliwe sita ya umeme, matano ya Nairobi na moja la kaskazini, na kila moja liandikwe ubavuni kwa rangi ya kijani, "Gari hili halichafui mazingira." Mimi niliitwa niandike kurasa mbili za kuunga mkono mpango huo. Kazi ya kurasa mbili ilinichukua miezi miwili.

Ubishi wa mkurugenzi na mhasibu

Mhasibu alikuwa amepinga tangu mwanzo. Alisema amesoma mahali kwamba kutengeneza betri ya gari la umeme kunatoa moshi mwingi kuliko gari la petroli maisha yake yote. Si dai la kupuuzwa, kwa sababu lina mzizi. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya Sweden, IVL, ilikadiria kwamba kila uniti moja ya uwezo wa betri hugharimu kilo 150 hadi 200 za kaboni kiwandani. Tarakimu hiyo ikazunguka dunia nzima. Mwaka 2019 taasisi hiyo hiyo ilirudia hesabu ikapata kilo 61 hadi 106, kwa kuwa viwanda vilikuwa vimekua na takwimu zimekuwa bora. Marekebisho hayakuzunguka kama dai la kwanza.

Lakini hata tukimpa mhasibu tarakimu ya juu kabisa ya 2017, betri ya uniti 40 ni tani 8. Gari la petroli la ofisi hii lilikuwa likila lita 8.5 kwa kilomita 100 ndani ya foleni za Nairobi. Kwa kilomita 200,000 hizo ni lita 17,000, yaani zaidi ya tani 47 za kaboni ukijumlisha uchimbaji, usafishaji na usafirishaji wa mafuta. Dai halisimami.

Hoja ya mkurugenzi ilikuwa fupi: halina bomba la moshi, kwa hiyo halichafui. Hilo nalo halisimami. Wote wawili walikuwa wakilinganisha magari ya kwenye karatasi. Magari ya ofisi yalikuwa pale uani, yana daftari za safari, na hakuna aliyekuwa amezifungua.

Hesabu, na nilichochagua kuhesabu

Daftari zilionyesha kitu ambacho madereva walikijua na wakubwa hawakukijua. Magari matano hayakuwa yakifanya kazi sawa. La kwanza lilitembea kilomita 31,000 kwa mwaka, la pili 27,000, la tatu 22,000. La nne lilifika 9,000 tu. La tano, lililotengwa kwa ajili ya mkurugenzi, lilitembea 4,200, na sehemu kubwa ya maisha yake lilikuwa kivulini.

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni. Nilitumia 2.8 ili kubeba pia kisima, kiwanda cha kusafishia, meli, na bomba la kutoka Mombasa hadi Nairobi. Hiyo ni kama gramu 240 kwa kilomita moja.

Kwa umeme nilianza na bahati ya Kenya. Takriban tisa ya kumi ya umeme wa gridi yetu hautokani na mafuta: mvuke wa jotoardhi wa Olkaria, mabwawa ya Seven Forks kwenye mto Tana, upepo wa Loiyangalani wenye mitambo ya megawati 310, na jua kidogo. Nilichukua gramu 100 kwa uniti, kisha nikapandisha hadi 130 kwa sababu zaidi ya asilimia 20 ya umeme unaonunuliwa na Kenya Power hupotea kabla ya kulipiwa. Si wote unaopotea kwenye nyaya, mwingine unaibwa, lakini niliona afadhali nikosee upande wa kulidhulumu gari la umeme. Kwa uniti 19 kwa kilomita 100, zikipimwa ukutani na si ndani ya betri, nilipata gramu 25 kwa kilomita. Tofauti ni gramu 215 kila kilomita.

Swali gumu lilikuwa deni, yaani kaboni iliyokwisha kutoka kiwandani gari na betri yake vilipotengenezwa. Magari ya umeme yaliyopendekezwa yalikuwa yametumika Japani miaka mitano. Je, moshi wa kuyatengeneza ni wetu au ni wa mnunuzi wa kwanza? Muuzaji aliniambia ni wa Mjapani. Sikukubali. Mtu anayeuza gari lake kule ananunua jingine jipya, na anaweza kufanya hivyo kwa kuwa sisi tuko tayari kupokea la zamani. Basi nilihesabu mara mbili. Mara ya kwanza, betri peke yake: tani 4. Mara ya pili, hesabu kali: betri pamoja na bodi na vyote vingine, kama tani 10, kwa kuwa magari ya petroli tuliyotaka kuyaondoa yalikuwa bado yanatembea vizuri na bodi zake zilishalipiwa zamani.

Kwa hesabu nyepesi, deni linalipwa baada ya kilomita 18,600. Kwa hesabu kali, baada ya 46,500. Sasa rudi kwenye daftari. Gari la kwanza linalimaliza deni kali kwa mwaka mmoja na nusu, la pili kabla ya mwaka na miezi tisa, la tatu kwa miaka miwili na kidogo. La nne linahitaji miaka mitano. La mkurugenzi linahitaji miaka kumi na moja, na kufikia hapo betri itakuwa imechoka.

Kaskazini hesabu iligeuka kabisa. Umeme wa mji ule unatoka kwenye jenereta za dizeli, kama gramu 800 kwa uniti mlangoni mwa mtambo, na zaidi ya 900 ukibeba upotevu na safari ya lori la mafuta. Gari lile lile ambalo Nairobi ni gramu 25 linakuwa gramu 180 hivi. Na kigari cha petroli kwenye barabara tupu za kaskazini, zisizo na foleni, kinakula lita 6.5, ambazo ni gramu 182. Sare, na deni la betri halijaguswa.

Uamuzi

Tuliamua hivi. Magari matatu yanayotembea sana yabadilishwe. La nne libaki la petroli hadi lizeeke. La mkurugenzi liuzwe na lisibadilishwe na lolote. Atumie magari ya ofisi kama wengine, au teksi. Kaskazini kusinunuliwe kitu.

Uamuzi wa tatu ndio uliopunguza kaboni kwa gharama ndogo kuliko yote, na ndio uliochukua muda mrefu kupita. Sababu yake haina uhusiano na mazingira. Gari la mkubwa ni heshima. Nilimwandalia majedwali matatu. Kilichomshawishi ni jedwali la bima.

Kwenye kikao cha bodi kulitokea jambo ambalo kurasa zangu hazikuwa na jibu lake. Mjumbe mmoja aliyekulia Lubumbashi alisikiliza tani zote hizo kisha akauliza, "Munahesabu moshi tu. Na mashimo je?" Alikuwa anamaanisha kobalti, madini ya kutengenezea betri. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Congo, sehemu kubwa Lualaba na Katanga ya Juu, na kando ya migodi mikubwa ya Kolwezi kuna wachimbaji wadogo wanaoshuka kwa kamba kwenye mashimo yasiyo na nguzo. Betri za magari tuliyoyachagua zina kobalti. Zipo betri za chuma na fosfati zisizo na kobalti wala nikeli, na siku hizi magari mengi ya Kichina yanazo, lakini bei yake ilikuwa nje ya bajeti yetu. Bodi ilipitisha ununuzi, na swali likaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao bila jibu. Mimi naona ilikuwa sawa kuliandika hivyo. Tani za kaboni na shimo lililomwangukia mtu haviingii kwenye jedwali moja, na anayeviingiza anaficha kimojawapo.

Miezi kumi na minne

Magari matatu yalifika. Mawili yalikuwa na betri zenye afya, yaani uwezo uliobaki, ya asilimia 85 hivi. La tatu lilikuwa na 71. Hatukulipima kabla ya kulipa. Tulitazama picha, mwaka wa kutengenezwa na kilomita, kama tulivyozoea kununua gari la petroli. Kwa chaji moja lilikuwa likienda kilomita 130 siku njema, kwa hiyo ratiba ya Thika ikalishinda mara tu safari ilipoongezewa kituo cha pili. Likapewa kazi za mjini, na gari la nne la petroli likaanza kwenda Thika badala yake.

Mwezi wa pili niligundua kwamba madereva wanachomeka magari saa kumi na mbili jioni wanaporudi. Ndiyo saa mbaya kuliko zote. Kuanzia saa moja hadi kama saa tatu na nusu usiku nchi nzima inapika, inawasha taa na kutazama taarifa ya habari, na mitambo ya mafuta mazito ya Mombasa na Thika huongezwa ili stima itoshe. Usiku wa manane hali ni kinyume: matumizi hushuka, na mvuke mwingine wa Olkaria hubaki bila kutumika. Nilimweleza dereva mkuu. Akaniangalia.

"Mkubwa, nikifika nachomeka naenda kwetu. Ama unataka nikeshe na plagi?"

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeandika kurasa thelathini kuhusu gridi na sikuwa nimewaza nani atakayechomeka plagi, saa ngapi, na matatu ya mwisho kwenda kwake inaondoka saa ngapi. Dawa ilikuwa saa ndogo ya ukutani inayofungua umeme saa nne usiku. Ilifungwa mwezi wa tano, pamoja na mita ya pili ya tarifa, yaani bei maalumu, ya magari ya umeme iliyoanzishwa mwaka 2023, ambayo wakati ule ilikuwa shilingi 16 hivi kwa uniti, na 8 usiku, kabla ya kodi na makato. Mhasibu alianza kuyapenda magari hayo siku ile.

Kisha stima. Mtaa ule hukatika umeme mara kwa mara, na nyuma ya ofisi kuna jenereta ya dizeli inayojiwasha yenyewe. Waliofunga chaja waliziunganisha kwenye saketi ile ile inayolindwa na jenereta, pamoja na kompyuta na friji. Hivyo kila stima ilipokatika usiku, jenereta ilinguruma ili kujaza magari ya umeme. Tulilijua hilo mwezi wa tisa, na si kwa ukaguzi wangu. Askari wa zamu ndiye aliyelalamika kwamba dizeli inaisha upesi na yeye ndiye anayeshukiwa.

Matokeo

Katika miezi kumi na minne magari matatu yalitembea kilomita 84,000. Yalikula uniti 21 kwa kilomita 100, si 19 nilizokadiria. Milima ya Limuru na mzigo ndivyo vilivyoongeza. Jumla ni uniti 17,640. Kati ya hizo, 900 zilitoka kwenye jenereta.

Uniti 16,740 za gridi zilikuwa tani 2.2 za kaboni. Uniti 900 za jenereta, kwa kilo 1.2 kila moja ukibeba safari ya dizeli, zilikuwa tani 1.1. Yaani asilimia 5 ya umeme ilileta theluthi moja ya moshi. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu nikidhani nimekosea koma.

Magari ya petroli yangetoa tani 20 kwa kilomita zile zile. Yaliyookolewa ni karibu tani 16.7. Deni jepesi la betri tatu, tani 12, limelipwa na kupita. Deni kali la tani 30 bado, limebaki kama tani 13. Kwa mwendo huu litaisha kabla ya mwaka mwingine kwisha, kama betri ya asilimia 71 itaendelea kuvumilia.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni daftari za safari. Ubishi wa mwanzo, kipi kinachafua zaidi, umeme au petroli, haukuwa na jibu kwa sababu haukutaja gari gani, linatembea kiasi gani, na linachomekwa wapi. Tulipojibu hayo matatu, majibu yakawa manne tofauti ndani ya shirika moja: ndiyo kwa haraka, ndiyo polepole, bora kutokuwa na gari kabisa, na sare. Tungefuata mpango wa mkurugenzi tungenunua magari matatu zaidi, na hata lililo bora kati ya hayo lingehitaji miaka mitano kulipa deni lake kali.

Kutumia makadirio ya kulidhulumu gari la umeme pia kulitusaidia. Yalipokula uniti nyingi kuliko nilivyodhani, hitimisho halikuyumba. Hata saa ile mbaya ya jioni, tukichukulia kwamba kila uniti inatoka kwenye mtambo wa mafuta mazito, gari lilikuwa likitoa gramu 170 na ushee kwa kilomita dhidi ya 240. Hasara ya kuchomeka saa mbaya ni kupunguza faida, haikuifuta. Hasara ya jenereta ndogo ni kubwa zaidi: kwenye kilomita ilizozilisha, gari la umeme lilikuwa likitoa kaboni nyingi kuliko lile la petroli tulilouza.

Kosa la jenereta nalibeba mimi. Nilitumia wastani wa gridi ya Kenya kana kwamba magari yanachomekwa kwenye wastani. Yanachomekwa kwenye ukuta, na nyuma ya ukuta ule kulikuwa na dizeli. Ukaguzi wa saketi ungechukua asubuhi moja, fundi mmoja na bisibisi. Chaja zimehamishiwa kwenye saketi isiyoguswa na jenereta. Stima ikikatika, magari yanasubiri, na mpaka sasa ni safari mbili tu zilizoahirishwa.

Kosa la kutopima betri ni la mazoea. Mnunuzi wa gari la petroli anauliza injini. Hapa injini si kitu, betri ndiyo gari. Kifaa cha kusoma afya ya betri ni cha bei ndogo, na muuzaji anayekataa kisichomekwe amekwisha kukujibu.

Bei nafuu nayo ilileta tabia yake. Mafuta yalipokuwa ghali, safari ndogo zilikusanywa zikafanywa pamoja. Umeme ulipoonekana kama bure, gari likaanza kutumwa peke yake kupeleka bahasha. Sikuwa nimeliweka hilo kwenye hesabu, na sijui mshauri anayeliweka.

Maandishi ya kijani hayakuchorwa. Mkurugenzi alitaka angalau "Gari hili halitoi moshi", ambayo ni kweli pale lilipo: mbele ya lango kuna shule ya chekechea, na magari ya zamani yalikuwa yakisubiri abiria huku yakiunguruma, bomba likiwa kwenye kimo cha pua za watoto. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida iliyo wazi kuliko tani zote, na ripoti kwa mfadhili iliipa sentensi moja. Kaboni ya Olkaria na kaboni ya barabarani ni kitu kimoja kwa hali ya hewa ya dunia. Kwa mapafu ya mtoto, moshi wa mbali na moshi wa langoni havilingani hata kidogo.

Magari yaliyouzwa

Hapa ndipo uchambuzi wangu ulipokuwa na shimo kubwa. Hesabu yote ilichukulia kwamba gari la petroli likiondoka uani limekoma kuchafua. Halikukoma. Manne yaliuzwa, na nilipoandika kisa hiki nilijaribu kuyafuatilia. Moja lilikwenda kwa mwalimu aliyekuwa akipanda matatu. Kwake petroli imeongezeka. Moja liko Kisii, na aliyelinunua alikuwa na gari kuukuu zaidi alilolipeleka kwa wauza vyuma chakavu, hivyo huenda kule kuna nafuu. La mkurugenzi, lililokuwa likitembea kilomita 4,200 kwa mwaka, sikulipata.

La mwisho kati ya hayo manne ni teksi. Mwenyewe anatembea zaidi ya kilomita 150 kwa siku, analisifu, anasema halina shida. Nilipolikagua kabla halijauzwa, fundi aliniita chini ya gari akanionyesha bomba lililokatwa na kuunganishwa kwa kipande cha chuma tupu: katalitiki, kile kifaa kinachopunguza sumu ya moshi, kilikuwa kimeng'olewa miaka iliyopita, kwa ajili ya madini yaliyomo. Niliandika hilo kwenye kiambatisho cha ripoti, ukurasa wa 27. Hakuna aliyemwambia mnunuzi.